Kinanda Chetu Kilizaliwa Ndani ya Buyu

Kikao cha wazee wa kanisa kabla ya Sikukuu ya Mavuno kilikuwa na ajenda nne. Tatu za kwanza zilikwisha upesi: mabati ya jikoni, zamu za kupokea wageni, na nani atatunza mazao yatakayoletwa. Ya nne ilituweka pale hadi taa zikawashwa. Vijana wa kwaya walikuwa wameomba ruhusa waingie ibadani na ngoma mbili za Kisukuma na pembe ya kupuliza, siku ile watu watakapoleta mtama, mpunga, dengu, kuku na fedha ya pamba mbele za Bwana.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema kwa upole kwamba kinanda ni chombo cha kanisa na pembe ni chombo cha mizimu, na mtu hawezi kuvichanganya. Mwingine akafungua Zaburi ya 150, akatuonyesha kwamba kinanda kimetajwa pale kwa jina. Ilionekana mjadala umefungwa. Ndipo mama mmoja wa kwaya, ambaye kwa kawaida huwa kimya vikaoni, akauliza: "Na hicho kinanda, kabla ya kuja kwetu kanisani, kilikuwa kwa nani?" Hakuna aliyejua. Wengine tulisema Uingereza, wengine Ujerumani, mmoja akasema Roma. Mchungaji alifunga kikao kwa sala, akatuagiza sisi watano tulitafute jibu la mama yule na kulileta kwa maandishi. Tunayowaandikia hapa, wapendwa, yametokana na kazi ile.

Inafaa mjue kilichokuwa nyuma ya swali. Katika familia moja ya kanisa letu kulikuwa na babu aliyeongoza kundi la kulima. Alfajiri alipuliza pembe, na watu wakaja na majembe yao, wakalima shamba la mwenye zamu kwa nyimbo. Alipoomba ubatizo aliambiwa na mwinjilisti wa siku zile kwamba pembe ibaki nje ya wokovu wake. Babu hakubisha. Aliitundika juu ya ghala la mtama na hakuipuliza tena maisha yake yote, zaidi ya miaka thelathini. Siku ya mazishi yake tulimwimbia kwa kinanda. Wenzake wa kundi la kulima, wazee waliokuwa wamebaki, walisimama nje ya ua mikono ikiwa mitupu, maana walijua chombo chao hakiruhusiwi. Baadhi yetu tulikuwa kwenye kwaya siku hiyo na tuliwaona. Kwa hiyo mama alipouliza kinanda kilikuwa kwa nani, hakuwa anatafuta habari za kale tu.

Tulianza na kinanda chenyewe. Siku hizi kwaya hutumia kinanda cha umeme na spika, lakini cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilikuwa bado kwenye stoo chini ya magunia. Tulimwita fundi wa mjini Bariadi ambaye hutengeneza redio na baiskeli, tukamwomba akifungue. Tulitarajia nyuzi, maana wengi wetu tuliamini kinanda ni ndugu wa gitaa. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Palikuwa na mivukuto miwili ya kitambaa na ngozi, imetafunwa na panya, na juu yake ubao wenye safu ya vipande vidogo vya shaba. Kila kipande kina tundu jembamba, na ndani ya tundu umekaa ulimi mwembamba wa shaba, umefungwa upande mmoja na upande wa pili umeachwa huru. Ukikanyaga, mivukuto inasukuma au inavuta hewa. Ukibonyeza kitufe, mlango mdogo unafunguka, hewa inapita kwenye tundu, na ulimi unatikisika. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, mfupi hutoa sauti nyembamba. Fundi alichomoa mmoja, akauweka midomoni, akapuliza. Ulilia sauti ileile ya wimbo wa kuanzia ibada, ila ndogo kama ya mdudu.

Kumbe chombo tulichokiita cha mikono ni chombo cha kupuliza. Miguu inafanya kazi ya mapafu.

Hapo ndipo njia ikatutoa Ulaya na kutupeleka China. Wataalamu wa muziki huita huo ulimi wa shaba ulimi huru, kwa sababu unapita ndani ya tundu lake bila kugonga kingo. Vyombo vya namna hiyo vimekuwapo Asia ya Mashariki tangu zamani za kale sana. Kinachojulikana zaidi huitwa sheng. Ni mirija ya mianzi iliyosimama wima pamoja kama mabua yaliyofungwa, mara nyingi 17, ikiwa imechomekwa kwenye kitu cha duara chenye mdomo wa kupulizia. Chini ya kila mrija unaolia pana ulimi huru. Mpigaji huziba matundu kwa vidole, na mrija ulliozibwa tundu ndio unaolia. Tena hulia akipuliza na hulia akivuta pumzi, kwa hiyo wimbo haukatiki.

Na kile kitu cha duara, asili yake, ni buyu.

Tulipofika hapo mmoja wetu aliweka karatasi chini akacheka. Hakuna nyumba ya Msukuma isiyojua buyu: la maziwa, la maji, la kuhifadhia mbegu, kata ya kunywea. Wachina wa kale walivigawa vyombo vyao vya muziki katika aina nane kwa kufuata kitu kilichotengenezea: chuma, jiwe, hariri, mwanzi, udongo, ngozi, mti, na buyu. Sheng iliwekwa kwenye aina ya buyu. Mwaka 1978 wachimbaji katika jimbo la Hubei walifungua kaburi la mtawala aliyeitwa Yi, wa nchi ndogo ya Zeng, aliyezikwa karibu mwaka 433 kabla ya Kristo. Walikuta kengele 65 za shaba zimetundikwa kwa safu, na pamoja na vyombo vingine, mabaki ya sheng zenye mwili wa buyu. Mtawala huyo alizikwa karibu wakati wa Nehemia, Wayahudi walipokuwa wanaujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Tangu siku zile, ulimi huru ulikuwa tayari unalia.

Kutoka huko chombo hiki kilitembea. Japani kilipokelewa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kuitwa shō, kikawekwa katika muziki wa ikulu na wa mahekalu, na kipo hadi leo. Watu wa Laos wana ndugu yake, khaen, mirija mirefu ya mianzi iliyopangwa safu mbili, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Jambo lililotugusa zaidi lilikuwa dogo. Mpigaji wa shō hukaa na makaa ya moto karibu, na kati ya nyimbo hukizungusha chombo chake juu ya joto, kwa sababu unyevu wa pumzi hushika kwenye ndimi na kuziharibia sauti. Nani kati yetu hajaona wapiga ngoma wakiwasha nyasi kavu na kuzigeuza ngoma juu ya moto ili ngozi ikaze? Hatusemi kwamba watu hawa walifundishana. Kila fundi anajua maradhi ya chombo chake.

Ulaya ilikuwa na vinanda vikubwa vya mabomba kanisani kwa karne nyingi, lakini ulimi huru haikuutumia. Mwaka 1777 kasisi Mjesuiti Mfaransa aliyeishi Beijing, Joseph-Marie Amiot, alituma sheng Paris. Miaka hiyohiyo profesa Christian Kratzenstein wa Copenhagen alikuwa anatengeneza mashine ya kutamka sauti za a, e, i, o, u kwa kutumia ndimi huru, na mwaka 1780 akapewa tuzo ya Chuo cha Sayansi cha St Petersburg. Wanahistoria wanabishana kuhusu nani alimwiga nani na kwa kiasi gani, na kweli ulimi wa Ulaya umetengenezwa tofauti kidogo: umefungwa juu ya kipande chake cha shaba na hulia hewa ikipita upande mmoja tu, si pande zote mbili kama wa China. Lakini kabla ya sheng kujulikana huko hapakuwa na mafundi wa ulimi huru, na baada ya kujulikana walitokea kila mji. Mwaka 1829 Cyrill Demian alisajili kodiani Vienna. Mwaka 1842 Alexandre Debain alisajili harmonia Paris, na hicho ndicho baba wa kinanda kilichoko stoo kwetu.

Kwa nini kilienea haraka makanisani? Kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko kinanda cha mabomba, hakikuhitaji ukuta mzima wala watu wa kuvukuta, na hakikupoteza sauti upesi kikibebwa. Marekani, katika miaka ya 1880, Peter Bilhorn, mtunzi wa nyimbo za injili wa Chicago, alitengeneza kinanda cha kukunja kama sanduku la safari. Wahubiri na wamisionari walivinunua vinanda vya namna hiyo, wakavipakia kwenye meli, kisha kwenye vichwa vya wapagazi. Kanisa la Kianglikana kupitia CMS lilikuwa na kituo Nassa, kando ya ziwa, katika wilaya ambayo leo ni Busega, na mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa kwa misioni ya Africa Inland. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Bukumbi tangu 1883. Injili iliyotufikia huku ndani, Itilima, Maswa, Meatu na Bariadi, ilipitia vituo vya namna hiyo, na ilikuja na nyimbo zake zikiwa na sauti zake tayari.

Hapa ndipo tulipodhani tumemaliza. Tungeandika kwamba kinanda ni cha Asia, tukafunga faili. Lakini tulikutana na habari mbili ambazo zilitulazimu kuendelea.

Ya kwanza ni ya Uskoti. Mwaka 1873 mhubiri Moody na mwimbaji wake Ira Sankey walivuka bahari kutoka Marekani wakaenda Uingereza. Nyimbo za Sankey wengi wetu tunazijua kwa moyo, maana zimejaa katika Tenzi za Rohoni. Sankey aliimba akiwa amekaa kwenye kinanda kidogo cha ndimi. Walipofika Edinburgh, Waskoti wengi wa kanisa la kipresbiteri walifadhaika. Kwao ibada ilikuwa zaburi zinazoimbwa kwa sauti za watu peke yake. Walikuwa na jina la dhihaka kwa kinanda chochote cha kanisani: sanduku la filimbi. Kwa waumini hao wacha Mungu, kinanda kile tunachokilinda sisi dhidi ya pembe kilikuwa chenyewe ndicho mvamizi. Tunawaelewa. Waliogopa kwamba mkono wa mpigaji utachukua nafasi ya moyo wa mwimbaji, na si hofu ya kijinga. Lakini tulisoma habari hiyo mara mbili, halafu tukatazamana.

Ya pili ni ya India, na hii inatuhusu kwa ukaribu zaidi, kwa sababu Wahindi tumeishi nao. Waliokua katika nchi hii ya pamba wanakumbuka maduka yao na viwanda vya kuchambulia pamba, wanakumbuka pia malalamiko ya mizani yaliyowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, kuunda vyama vya ushirika katika miaka ya 1950. Katika mahekalu ya Wahindu na ya Makalasinga utaona kinanda kidogo kinakaa sakafuni, mpigaji anavuta mvukuto kwa mkono mmoja na kupiga vitufe kwa mkono mwingine. Ni harmonia ileile ya Ulaya, iliyopelekwa India katika karne ya 19 na kukatwa miguu. Katika miaka ya 1870 Dwarkanath Ghose wa Kolkata aliitengeneza upya ili watu waliozoea kukaa chini waweze kuipiga. Ikapendwa hata ikaingia katika nyimbo za ibada za Wahindu, za Makalasinga na za Waislamu.

Kisha wakaigeuka. Walipokuwa wakipigania uhuru, wasomi wa India waliuliza kwa nini chombo cha Mzungu kikae katikati ya muziki wao. Walikuwa pia na hoja ya kitaalamu: sauti za harmonia zimepangwa ngazi kwa ngazi, haziwezi kuteleza kutoka noti hadi noti kama koo la mwimbaji wa Kihindi. Mwaka 1940 redio ya taifa, All India Radio, iliipiga marufuku, na marufuku hiyo haikulegezwa mpaka 1971. Miaka 31 chombo kilikataliwa Asia kwa sababu ni cha Ulaya, na moyo wake, ule ulimi mdogo, ulitoka Asia.

Waskoti walikikataa kwa sababu si cha kanisa. Wahindi walikikataa kwa sababu ni cha Wazungu. Sisi tuliikataa pembe kwa sababu si kinanda.

Tulirudi kwenye Zaburi ya 150, kwa kuwa ndugu yetu aliitegemea. Ni kweli neno kinanda limo katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano. Lakini neno la Kiebrania pale ni nevel, nalo ni chombo cha nyuzi. Watafsiri hawakukosea. Zamani Pwani kinanda lilikuwa jina la chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, na ndivyo wazee wa Mombasa na Unguja walivyolielewa. Baadaye, kilipokuja chombo cha wamisionari chenye vitufe, watu wakakipa jina lililokuwapo. Kwa hiyo Mtunga Zaburi hakuwahi kukiona kinanda chetu. Alichokiona, na kukitaja kwanza kabisa katika orodha yake, ni pembe. Baragumu ya Israeli, shofari, ni pembe ya kondoo dume iliyochomwa moto ikakunjwa, isiyo na kitufe wala ulimi, inayolizwa kwa midomo ya mpigaji tu. Nayo ilikuwa Asia, na Wayahudi wangali wanaipuliza kila mwaka mpya wao.

Kuna orodha nyingine ambayo haipendwi kusomwa pamoja na hiyo, ile ya Danieli sura ya 3. Pale vyombo vya Babeli vinalia ili watu waisujudie sanamu ya Nebukadreza, na wa kwanza kutajwa ni pembe tena. Zomari imo. Santuri imo, neno ambalo wengi wetu tulilijua kama sahani ya muziki ya gramafoni. Limefika kwetu kupitia Kiarabu na Kiaramu kutoka neno la Kiyunani psalterion. Jina moja limekaa kwenye muziki wa sanamu na kwenye kitabu cha sifa. Vilevile wapiga filimbi waliokuwa wanaomboleza nyumbani kwa Yairo, Bwana aliwatoa nje kwa sababu walikuwa wanalia kifo cha msichana aliyetaka kumwamsha. Filimbi yenyewe hakuigusa.

Na hiyo zomari haikubaki Babeli. Zumari ya Pwani yetu ni bomba la mti lenye tundu za vidole, mdomo wa tete mbili zilizobanwa pamoja, na mwisho uliopanuka. Mpigaji hujaza hewa mashavuni na kuvuta pumzi kwa pua huku akiendelea kupuliza, hata asiyejua hudhani hapumui. Ni ndugu wa zurna ya Waturuki, surnai ya Waajemi na shehnai ya Wahindi, na jina lake ni la Kiarabu. Ilikuja na majahazi ya kaskazi, ikaingia katika kirumbizi cha Lamu na sengenya ya Wadigo, na leo hakuna Mdigo anayeiona ni ya wageni. Vivyo hivyo kodiani ilipofika Unguja ilikaa ndani ya taarabu, kando ya fidla na udi. Tunazitaja habari za Pwani kwa ufupi kwa kuwa kazi yetu ilikuwa juu ya kinanda, ila inafaa tujue kwamba upepo uliowaletea wenzetu zumari ni upepo uleule uliovusha majahazi ya kila dini.

Hata hivyo mzee wetu hakuwa amesema uongo, na hatukutaka maandishi yetu yamfanye aonekane hivyo. Tulimwendea nyumbani. Alitueleza mambo ambayo vijana hawayajui vizuri. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili makubwa ya ngoma za Kisukuma, ushindi ni wa kundi linalovuta watu wengi, na viongozi walitafuta dawa za kuvuta watu hao. Ziko ngoma zilizolia kwa ajili ya mapacha na kwa ajili ya mizimu tu. Ziko pembe za waganga zilizojazwa vitu ambavyo hakutaka kuvitaja mbele ya chai. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa mashindano hayo kabla hajaokoka. Anapoisikia pembe, alisema, hasikii pembe. Anasikia usiku mmoja wa ujana wake. Tuliandika maneno hayo kama alivyoyasema, maana ni ushahidi, na hakuna kitabu cha historia ya China kinachoweza kuuondoa.

Tulimweleza nasi juu ya Bujora, karibu na Kisesa, ambako baadhi yetu tumewahi kufika. Padre David Clement, Mcanada wa shirika la Mapadre Weupe, alikaa pale kuanzia miaka ya 1950, akajenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akaanzisha makumbusho ya Wasukuma, na ngoma zikaingia ibadani. Sherehe ya Bulabo, inayofanywa pale kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, iliwakaribisha Bagika na Bagalu washindane wakiwa kwenye uwanja wa kanisa. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959 kwa sauti za Kiafrika, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima kuhusu sheria za kanisa na muziki wa Kibantu. Walutheri wa Makumira nao, pamoja na Howard Olson, walikusanya nyimbo za makabila na kuziwekea maneno ya injili. Madhehebu yetu si yale, na si kila walilofanya tungelifanya. Lakini walilijibu swali la mama wa kwaya kabla hajaliuliza.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja: "Huyo Mchina wa kwanza, buyu lake lilikuwa la dawa au la maji?" Tulicheka, naye akacheka. Tulimjibu kwamba China nayo ina hadithi inayosema sheng ilibuniwa na mungu wao wa kike aitwaye Nüwa. Yaani hata ulimi wa kinanda chetu ulizaliwa katika nyumba ya miungu mingine, na tumeimba nao "Bwana u sehemu yangu" miaka yote hiyo bila kudhurika. Hapo hakucheka. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaomba tumsomee tena sehemu ya Waskoti.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Wazee walikubali ngoma mbili. Kuhusu pembe, mzee wetu ndiye aliyetoa pendekezo: isiwe pembe ambayo historia yake haijulikani, wala ya kuazima kwa mganga, bali mpya, ya ng'ombe aliyechinjwa hapahapa kijijini, na watu waione inavyotobolewa. Likapita. Familia ya yule babu iliomba pembe yake itumike kwa kuwa historia yake inajulikana na kila mtu: ilikuwa ya kuitia watu shambani. Hilo nalo likakubaliwa. Walipoishusha kutoka juu ya ghala walikuta wadudu wameitoboa pembeni, na kila aliyeipuliza alitoa hewa tu. Iliwekwa juu ya meza ya mazao, kando ya pamba.

Fundi wa Bariadi alikuwa amekwisha kuziba mivukuto ya kinanda cha zamani kwa ngozi ya mbuzi, mabaki ya ngozi aliyowambia ngoma mtengeneza ngoma wa jirani. Ndimi mbili hazikupatikana, kwa hiyo sauti mbili zilikuwa bubu, na mpigaji wetu alilazimika kuziruka. Asubuhi ya Mavuno wimbo wa kuanzia ulipigwa kwa kinanda hicho. Wa pili vijana waliingia na ngoma kutoka mlangoni, na pembe mpya ikalia mara tatu. Mzee wetu alikuwa kwenye benchi lake la siku zote, safu ya pili kushoto. Hakusimama na wengine kucheza. Hakutoka nje pia. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akiitazama pembe iliyotoboka juu ya meza.